Pipa Linalokwenda Nyumbani: Somo la Fundi kwa Mhandisi

Katika toleo hili nimeona niandike jambo la kiufundi kidogo, lakini linalomgusa kila mmoja wetu, hata yule anayesoma sheria au uuguzi. Ni jambo la kutumia tena vitu vilivyokwisha tumika, au kama maprofesa wetu wanavyopenda kusema, uchumi wa mzunguko.

Sisi tulioko College Park, Silver Spring, Alexandria na kwingineko pembezoni mwa Washington tumo ndani ya mzunguko huo, tupende tusipende. Kila mwezi wa Mei mabweni yanahamwa, vitu vinamwagwa nje, nasi tunaokota. Kompyuta, nguo, maikrowevu, viatu. Vingine tunatumia, vingine tunapanga kwenye pipa, na pipa linapanda kontena kwenda Mombasa au Dar es Salaam. Swali langu ni dogo tu: likifika huko, ndani yake mna mali au mna taka?

Jawabu la swali hili halipatikani maabara. Anayelijua ni fundi aliyeko nyumbani, yule atakayeletewa kitu hicho siku kitakapoharibika. Basi leo tukae darasani kwake.

Mzunguko maana yake nini?

Hebu chora duara nne, moja ndani ya nyingine. Duara la ndani kabisa ni kitu kuendelea kutumika kilivyo, ila kwa mtu mwingine: shati la kaka linavaliwa na mdogo wake. La pili ni kutengeneza: redio imekufa, fundi anaifufua. La tatu ni kubadili kazi: tairi la gari linakuwa kiatu, ambacho Tanzania tunakiita katambuga, Kenya akala, na Uganda lugabire. Duara la nje kabisa ni kuyeyusha au kusaga ili kupata malighafi.

Kanuni yake ni hii: kadiri unavyokwenda nje, ndivyo unavyopoteza zaidi. Chukua sufuria. Kuyeyusha alumini chakavu kunatumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kutoa alumini mpya kwenye madini. Ni faida kubwa sana. Lakini sufuria iliyotoboka, fundi akaiziba pale sokoni kwa dakika kumi, haikuhitaji hata hiyo asilimia 5. Umbo lake, mpini wake, kazi yote ya aliyeitengeneza mwanzo, vimebaki.

Huku mtu akisikia habari ya kutunza vitu anafikiria kwanza lile pipa la buluu la kutenganishia taka, yaani duara la nne. Fundi wa kwetu anaanzia duara la kwanza na kulifikia la nne pale tu njia nyingine zote zimeshindikana.

Ukisoma makala za wataalamu unaweza kudhani wazo hili limezaliwa juzi. China ilipitisha sheria yake ya kuendeleza uchumi wa mzunguko mwaka 2008 na ikaanza kutumika Januari 1, 2009. Uingereza, taasisi ya Ellen MacArthur ilianzishwa 2010. Umoja wa Ulaya ukatoa mpango wake wa kwanza 2015. Lakini Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipotoa ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya mwaka 1972, lilikwisha ona kwamba mafundi wa vibandani, hao ambao baadaye wakajulikana kama jua kali, wanafanya kazi yenye tija na faida, tofauti na watu walivyowadhania. Na malighafi ya wengi wao ilikuwa nini? Mapipa ya mafuta yaliyokwisha, mabati, na vyuma chakavu.

Sasa tusidanganyane. Sisemi kwamba Mwafrika amezaliwa na roho ya kutunza mazingira kuliko watu wengine. Fundi anatengeneza kwa sababu hesabu inamwambia atengeneze: kitu kipya ni ghali, saa yake ya kazi ni rahisi. Hapa Marekani hesabu imegeuka. Saa moja ya fundi inaweza kuzidi bei ya printa mpya, kwa hiyo printa inatupwa. Bidhaa mpya za bei poa zikijaa Kariakoo na River Road, hata kwetu watu wanaanza kutupa. Ndiyo maana inatupasa tujue ni maarifa gani hasa aliyonayo fundi, kabla hayajapotea. Mimi nimeyaweka katika mafungu matatu.

La kwanza: kujua kufungua

Wazee wa pwani walikuwa na chombo kilichoitwa mtepe. Kiliundwa visiwa vya Lamu na Pate, na mbao zake hazikupigwa misumari ya chuma, zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi. Tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, lakini akili yake iangalieni vizuri. Kiungo kilichoshonwa kinaweza kufumuliwa. Ubao ukioza, unakata kamba, unautoa, unaweka mwingine na kushona upya. Hukulazimika kuharibu chombo kizima ili kuokoa kipande kimoja. Siku hizi wanafunzi wa uhandisi tunafundishwa kwamba kitu kiundwe kwa namna ambayo kitafunguka bila kuvunjika, na tunaambiwa hayo ni mawazo mapya!

Mfano wa karibu zaidi ni jiko la kauri, lililoenea Kenya tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Wazo la umbo lake lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Wataalamu na mafundi wa jua kali wakalibadili: nje bati, mara nyingi la chuma chakavu, ndani kauri ya udongo inayoshika joto, na hivyo mkaa unaoliwa ni mchache kuliko katika jiko la bati tupu. Kauri ikipasuka, unanunua kauri peke yake. Bati likioza, unampa fundi wa bati. Sehemu mbili, maisha mawili, na kila moja ina fundi wake.

Kwa hiyo fundi akipokea kitu chochote, kabla hajauliza kina ugonjwa gani, anakigeuza chini kuangalia: kina skrubu au kina gundi? Ikiwa ni gundi tupu, anakunja uso. Huku Marekani mabishano haya yamefika hadi kwenye mabunge. New York ilisaini sheria ya haki ya kutengeneza vifaa vya elektroniki Desemba 2022, inayowataka watengenezaji watoe spea, vifaa vya kazi na maelekezo kwa wateja na mafundi wa nje. Wanadai kwa sheria kile ambacho fundi wa Kamukunji amekuwa akikipata kwa bisibisi na ubishi.

La pili: kujua kuchambua

Nenda Gikomba, Nairobi, asubuhi belo la mitumba linapofunguliwa. Nguo zinapangwa kwa madaraja kabla vumbi halijatulia. Mali ya juu inaitwa kamera. Mali ya mwisho kabisa inaitwa fagia, na jina lenyewe linajieleza. Bei ya kila moja ni tofauti, mnunuzi wa kila moja ni tofauti. Mama wa Gikomba hana mashine. Anatumia macho na vidole, na akikosea biashara yake inakufa.

Mafundi wa chuma nao ni hivyo hivyo. Kamukunji kwa Nairobi, Gerezani kwa Dar es Salaam, Katwe kwa Kampala, utakuta pipa lililonyooshwa likageuka sanduku la mwanafunzi wa bweni, toroli au karai. Bati nene lina kazi yake, jembamba lina yake, na vipande vinavyobaki navyo vina mnunuzi. Hata kopo dogo lilikuwa koroboi, au kibatari kama wengine mnavyokiita. Wengi wetu tumesomea darasa la saba kwa mwanga wa kopo hilo.

Uchambuzi huu ndio roho ya mzunguko. Vitu vikichanganywa thamani inashuka, vikitenganishwa inapanda. Mwaka 2018 huko Lamu ilizinduliwa jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na kufunikwa kwa vipande vya ndala zipatazo 30,000. Fundi mkuu wake alikuwa Ali Skanda wa Lamu, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja. Watu walishangilia rangi zake, na kweli linapendeza. Lakini uchafu ule usingekuwa mbao za kuundia chombo bila watu wa kuchambua plastiki hii na ile.

La tatu: kujua mwisho wake

Hili ndilo fungu ambalo mafundi wetu wameachiwa peke yao, na ndilo linaloua. Kila kitu, hata kikitengenezwa mara kumi, siku moja kitakufa kabisa. Kitazikwa wapi?

Mnakumbuka habari ya Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa. Kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ili kupata risasi, kikafanya kazi kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Kwenye karatasi ule ni mzunguko safi kabisa: betri kuukuu inaingia, risasi inatoka. Lakini risasi iliingia pia katika damu za watoto wa mtaani. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, aliongoza mapambano na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uamuzi huo ulipinduliwa na Mahakama ya Rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikaurejesha.

Somo hapo ni wazi. Duara likichorwa bila kuuliza nani anavuta moshi wake, hilo si duara, ni mtego. Ndivyo ilivyo pia kwa vijana wanaochoma nyaya ili kupata shaba. Shaba inapatikana, ila sumu ya plastiki inabaki kifuani mwao.

Washington nayo imo

Wengine watasema, haya ni mambo ya sokoni, sisi tulioko huku yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, kwa sababu maamuzi mengine ya mzunguko huu yanafanyika hapa, vituo vichache vya metro kutoka madarasani petu.

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza uingizaji wa mitumba, shabaha ikiwa kuumaliza kufikia 2019, ili viwanda vya nguo vya kwetu vipate kupumua. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani, SMART, ambacho wakati huo kilikuwa na ofisi hapa hapa Maryland, kilipeleka malalamiko kwa USTR, ofisi ya mwakilishi wa biashara wa Marekani. Kilidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani zimo hatarini. Julai mwaka huo shauri likasikilizwa Washington. Fimbo iliyoshikwa ilikuwa AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa zetu kuingia Marekani bila ushuru.

Kenya ikarudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ikakaza. Mwishoni mwa Julai 2018 Marekani ikasimamisha manufaa ya AGOA kwa nguo za Rwanda.

Jambo hili lina pande mbili, na mimi sitaki kulifanya jepesi. Mitumba inalisha mama wa Gikomba, inamvisha mwanafunzi wa kijijini, na kuvaa nguo mara ya pili ni duara la ndani kabisa, lile bora. Lakini mzunguko wa haki ni ule ambao anayepokea ana uwezo wa kusema hapana, hii sitaki. Pale 2017 uwezo huo ndio uliokuwa mezani. Na belo likiwa na fagia nyingi, gharama ya kuzika hizo fagia inalipwa na Nairobi, si na aliyefunga belo.

Sasa basi, sisi tunaofunga mapipa tofauti yetu na mfunga belo ni nini? Ni kwamba sisi tunamjua mpokeaji. Ni mama, ni shemeji, ni binamu. Hatuna kisingizio.

Maswali matano kabla ya kufunga pipa

1. Kinafanya kazi leo? Kijaribu mwenyewe. Usiseme "watatengeneza huko huko". Kisheria pia kuna tofauti. Chini ya Mkataba wa Basel, tangu Januari 1, 2025 taka zote za elektroniki zinahitaji idhini ya nchi inayopokea kabla ya kusafirishwa, ziwe za hatari au la. Marekani ilitia saini mkataba huo mwaka 1990 lakini haikuuridhia. Nchi zetu zimo. Kompyuta nzima inayokwenda kutumika ni bidhaa. Kompyuta iliyokufa inaweza kuhesabiwa taka, hata kama umeituma kwa upendo.

2. Umeme wake ukoje? Hapa ndipo vitu vingi vinapofia. Marekani umeme ni volti 120 na hertz 60. Kwetu ni volti 220 hadi 240, na hertz 50. Watu wanakumbuka volti, wananunua transfoma ya kushushia, wanadhani wamemaliza. Hertz wamezisahau. Transfoma iliyoundwa kwa volti 120 na hertz 60 ina uwiano wa 2. Ukiipa volti 120 za hertz 50, uwiano unakuwa 2.4, yaani asilimia 20 zaidi. Chuma chake kinaelemewa na usumaku, kinapata joto, na siku moja unanuka moshi. Maikrowevu ya kawaida yenye transfoma zito ni mgonjwa wa aina hii. Mota nyingi za friji na feni nazo zitazunguka pole pole, takriban tano ya sita ya mwendo wake. Blenda yenye mota ya brashi haijali sana hertz, ila volti inazijali. Chaja za simu na kompyuta kwa kawaida hazina neno: soma kibandiko, kikisema 100-240 na 50/60, peleka kwa amani.

3. Kinafunguka? Rudi kwenye mtepe. Skrubu ni bora kuliko gundi. Kompyuta ambayo betri na memori vinatoka ina maisha marefu mbele ya fundi kuliko ile nyembamba iliyogandishwa kila kitu. Na simu, tafadhali, hakikisha haikufungiwa kampuni moja ya huku, na mwenye nayo ametoka kwenye akaunti yake. Bila hivyo umetuma jiwe.

4. Spea zipo huko? Piga simu. Mwambie ndugu yako aende kwa fundi amuulize: modeli hii unaijua? Wino wa printa hii unapatikana? Dakika tano za simu zinaokoa nafasi ya pipa. Na ukimuuliza fundi kabla, umempa ile nafasi ya kusema hapana ambayo wakubwa waliinyimwa.

5. Kikifa kabisa kitakwenda wapi? Nairobi kuna WEEE Centre, na Rwanda kuna kituo cha kuchambua taka za elektroniki Bugesera. Mijini kwingine hali ni ngumu zaidi, na vijijini ndiyo kabisa. Betri iliyovimba isiondoke hapa hata kidogo.

Kitu kisichopita maswali haya si lazima kitupwe. Kitafutie duara la karibu. Hapa Prince George's County, mji wa Edmonston, kuna Community Forklift, ghala linalouza vifaa vya ujenzi vilivyotumika tangu 2005: milango, masinki, taa. Maikrowevu ya hertz 60 ina kazi nzuri kwa mwanafunzi mpya anayetua Dulles mwezi wa Agosti hana hata kijiko. Napendekeza chama chetu kitafute chumba kimoja cha stoo, vitu vya Mei vimsubiri mgeni wa Agosti. Haihitaji pesa nyingi, inahitaji ufunguo na daftari.

Na ile nafasi iliyobaki kwenye pipa? Jaza vifaa vya kazi. Seti ya bisibisi zenye vile vichwa vya ajabu ajabu ambavyo kampuni za simu na kompyuta zinatumia. Kipimo cha umeme cha betri. Koleo nzuri. Skrini na memori za modeli ambazo fundi mwenyewe amekutajia. Vitu hivi havijali volti wala hertz. Kompyuta moja inamsaidia mtu mmoja, lakini bisibisi sahihi mkononi mwa fundi inafufua kompyuta za mtaa mzima.

Tumekuja huku kutafuta elimu, na ni vizuri. Lakini elimu nyingine tuliiacha kibandani, imekaa juu ya kigoda, imeshika nyundo. Ukienda likizo, chukua kitu kilichoharibika, mpelekee, kaa pembeni yake, uliza maswali, na umlipe bila kumpunja. Nawatakia mitihani ya kheri.